Watoto Waliohesabiwa Wakiwa Wameketi

Jumatatu, 24 Oktoba 1994. Asubuhi jua kali. Saa nane mchana mawingu yaliteremka kutoka Mlima Kigali, ikaja mvua nyembamba ya kukera, ile isiyokuzuia kutembea lakini inakufikisha umelowa. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Chini ya hali ya hewa kuna neno moja tu, "Aibu," kisha ukurasa mzima mweupe. Mimi ni mtu wa kujaza karatasi mpaka pembeni, kwa hiyo ukurasa mweupe kwangu ni jambo kubwa.

Wanangu mnaoteuliwa siku hizi kuwa wakuu wa elimu wa wilaya, na hasa nyinyi mabinti, mmeniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa. Sijui kama mmemwomba mtu anayefaa. Ni kweli kwamba katika vikao vya wakaguzi wa shule wa Kigali nilikuwa mwanamke peke yangu miezi ile ya mwanzo, na ni kweli walinipa kiti cha mbele. Lakini walionipa kiti hawakuwa wamenipima. Hapakuwa na muda wa kumpima mtu.

Nilizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nilimaliza darasa la saba, Tanzania ikanichukua kwenye ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote: asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa, jioni unasikiliza kipindi cha walimu redioni na betri zikiisha elimu imeisha. Watani wetu walisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilicheka nao, maana sikuwa na cha kujibu.

Tuliporudi nchini baada ya vita tukaishia Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Jumapili moja, baada ya misa, bwana mmoja mwenye faili kwapani alisimama kwenye ngazi za kanisa akauliza nani kati yetu alikuwa mwalimu. Nilinyoosha mkono.

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Mingi."

"Umewahi kuongoza?"

"Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi. Mwalimu mkuu alipougua nilishika shule."

"Aliugua muda gani?"

"Aliugua sana."

Akacheka, akaandika. Siku chache baadaye nikaambiwa mimi ndiye mkaguzi wa shule za upande mmoja wa mji. Wenye vyeti walikuwa wamekufa, wamekimbilia Zaire, au walikuwa hai lakini hawajaweza kutoka nyumbani. Nilibaki mimi. Mume wangu, Gervasi, alinipongeza. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, na haikuwa furaha.

Wiki ya kwanza ofisini, mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume lililomzidi mabega aliingia akanikuta nimeketi ukingoni mwa kiti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

"Muraho, madamu. Enspekta iko wapi?"

"Ametoka," nikamjibu.

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka tu. Huyu mama alikuwa na sura ya mwalimu wa kweli, wa chuo, wa Kifaransa, na nilijua akiniuliza jambo moja la mtaala nitaumbuka. Akashukuru akaenda. Kesho yake akarudi.

"Enspekta iko?"

"Bado."

Mara ya tatu aliweka mkoba juu ya meza yangu. "Madamu, huyu mwanaume anatembea sana. Ako na mabibi ngapi?"

Evaristi, karani wetu aliyekulia Uganda, alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. "Nyabo, enspekta ndiye huyo unayeongea naye! Anajificha ndani ya kiti."

Yule mwanamke akaniangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi umenitembeza na miguu toka Nyakabanda siku tatu, mama. Utanipatia chaki mara tatu."

Huyo ndiye Yudita. Kila ninachokijua kuhusu kuongoza shule za Rwanda nilikipata kwake, na cheo alikuwa chini yangu. Alikuwa amefundisha Kigali tangu ujana wake, na wala hakupandishwa hata mara moja, kwa sababu ya kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho alichobeba. Mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, alinusurika; jinsi gani, ni yake kusema. Vita vilipokwisha alirudi kwenye shule moja ya Nyakabanda, jina lake naliacha, akaiosha sakafu yeye na wanawake wawili. Sitawaeleza waliosha nini. Kisha akafungua mlango, akaanza kufundisha waliokuja.

Siku ile hakuja kutafuta chaki tu. Kulikuwa na familia zilizorudi kutoka Burundi, zimelala chini ya mashitingi ya plastiki nyuma ya uzio wa shule, na ofisi ya juu ilikuwa inafikiria kuwapa lile jengo. Bwana mkubwa wa ofisi hiyo angekuja Ijumaa ya mwisho wa Oktoba kuhesabu wanafunzi. Akikuta madarasa yamejaa, shule inabaki shule. Akikuta viti vitupu, familia zinaingia siku hiyohiyo.

"Iko watoto," Yudita akasema. "Wanakuja kidogo kidogo, kama paka ya kuogopa. Lakini wanakuja. Naomba wewe mwenyewe ufike kabla ya huyo bwana, utuandike."

Nikaahidi Jumatatu.

Kabla sijafika Jumatatu niwape kidogo cha ufundi, msije mkasema nimewapa majuto matupu. Ukienda kukagua shule, usianzie ofisi ya mkuu. Anzia chooni. Ofisi hupangwa kwa ajili yako. Choo hakuna anayekikumbuka. Pili, fungua daftari la mtoto kuanzia nyuma: mbele mwalimu amesahihisha kwa sababu muhula ulikuwa mpya, nyuma utaona kama bado anasahihisha. Tatu, gusa ubao. Miezi ile mbao zilikuwa zimechakaa, nyingine zina matundu ambayo hayakupigwa na misumari, na rangi haikuwepo. Nikawafundisha walimu dawa ya Karagwe: ponda unga mweusi wa betri kuukuu, changanya na majani mabichi ya viazi vitamu, sugulia ubaoni, acha ukauke. Ubao unarudi kuwa mweusi kama mpya. Mwalimu mmoja aliniambia, "Madamu, ubao ni mzuri, lakini mpaka saa nne darasa zima linanuka mboga na watoto wanaanza kusikia njaa." Nilijivunia dawa ile. Nadhani ndiyo sababu Jumatatu niliingia Nyakabanda nikiwa nimejiamini, na mimi nikijiamini ndipo huwa hatari.

Yudita alikuwa ameunganisha madarasa matatu katika chumba kimoja. Waliponiona wote waliinuka wakasalimu kwa sauti moja, kama ilivyokuwa desturi kwa mgeni mkubwa, wakaketi. Madawati yalijaa. Niliona moyo wangu ukiinuka.

Nilitakiwa niripoti jambo moja zaidi: lugha. Kulikuwa na watoto waliozoea Kifaransa cha shule za hapa, wengine Kiingereza cha Uganda, wengine Kiswahili cha Tanzania au cha Zaire. Ofisi ilitaka kujua wangapi ni wa wapi, ili igawe walimu. Sasa, kule Karagwe sisi tulihesabu kila kitu kwa kusimamisha. Wasio na kalamu, simama. Waliochelewa, simama. Wenye malaria wiki hii, simama. Ni haraka, na watoto huchangamka. Sikuwaza mara mbili. Nilisimama mbele, kwa Kinyarwanda changu cha ng'ambo nikasema kwa furaha kabisa:

"Wale waliokuwa humu nchini, wasimame!"

Hakuna aliyesimama.

Watoto wa nje walitazamana wakitabasamu, wakidhani ni mchezo. Wale wengine walikuwa wametulia namna ambayo sijawahi kuiona kwa watoto, macho kwenye mbao za madawati. Nikadhani hawakunisikia. Mungu anisamehe, nikarudia, na nikapiga makofi.

Kwenye dawati la tatu upande wa dirisha kulikuwa na msichana mwenye gauni la kijani. Aliinuka nusu. Akamtazama mwenzake wa kushoto, kuona kama na yeye anasimama. Mwenzake hakusimama. Yule msichana akabaki hivyo, magoti yamekunjwa, hajasimama wala hajaketi.

Yudita aliweka chaki chini. Aliiweka taratibu sana. "Tokeni nje," akawaambia watoto. "Mkacheze."

"Mwalimu, kuna mvua," mmoja akasema.

"Ndiyo. Mkacheze na mvua."

Walitoka wakikimbia. Yule wa gauni la kijani alipita bila kukimbia, akatoka getini, hakugeuka.

Tulibaki wawili. Nilikuwa bado nimeshika kalamu.

"Wewe haujui," Yudita akasema. Haikuwa swali. "Wewe ulisomea kule. Umva, sikiliza, nikuambie. Hapa kila mwaka mwalimu alikuwa anasimamisha. Wahutu wasimame. Watutsi wasimame. Watwa wasimame. Anaandika. Iko watoto hawakujua wao ni nani, wanasimama na rafiki yao, mwalimu anawapiga, anasema nenda uulize baba yako. Mimi nilisimamishwa hivyo. Darasa nzima inakuangalia magoti."

Nilitaka kusema kitu. Akainua mkono.

"Ngoja, sijamaliza. Na nikawa mwalimu, na mimi nikasimamisha. Ilikuwa ni kazi, na enspekta alikuja kuangalia kama tumefanya. Yule wa kijani, mimi mwenyewe nilimusimamisha, mwaka jana, katika chumba hii. Kwao walikuwa wengi. Sasa iko yeye na bibi yake."

Hapo ndipo nilipoandika kwenye daftari neno lile moja. Nimemsomea Yudita sehemu hii kwa simu juzi, kwa maana sitaki kumwekea maneno mdomoni. Anasema maneno ni yake, ila mvua haikuwa nyembamba kama nilivyoandika, na koti lilikuwa la kaka yake, nisiseme tu "la kiume." Nasahihisha hapa. Lilikuwa la kaka yake.

Jumanne asubuhi darasa lilikuwa na watoto wa nje karibu wote, na wa ndani wachache mno, wale ambao labda walikuwa wadogo wasikumbuke. Jumatano hivyohivyo. Ijumaa bwana mkubwa anakuja.

Evaristi alinionea huruma. "Nyabo, andika tu kwamba wamejaa. Jumatatu si walikuwa wamejaa? Wewe uliwaona kwa macho yako. Huo si uongo, ni habari ya juzi."

Lazima niwe wa haki kwake: alitaka kunisaidia, na baadaye alikuwa karani mwaminifu kuliko wengi. Nami msinipambe kwamba nilikataa kwa uadilifu. Nilikataa kwa sababu bwana mkubwa angekuja na macho yake.

Lazima pia niwe wa haki kwa zile familia. Nilipita kwenye mashitingi yao Jumatano. Mama mmoja alikuwa akichemsha maji kwenye kopo la mafuta ya msaada, mtoto mgongoni, mwingine amelala kwenye tope lililotandikwa gunia.

"Wewe ndiye wa shule?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Bujumbura.

"Ndiyo, mama."

"Nasikia hakuna tena watoto mule."

"Watarudi."

"Wakirudi wasome, mimi nafurahi. Lakini niambie, wakati wanarudi, huyu wangu alale wapi?" Hakusema kwa ugomvi. Alikoroga maji akaendelea kuningoja nijibu, na mimi nikamwambia pole, neno ambalo halina paa.

Kwa hiyo nilikuwa nagombania jengo dhidi ya mtu aliyerudi kama mimi, na nililigombania kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewatoa watoto humo.

Yudita akaniambia tutazunguka nyumba kwa nyumba. Mchana wa Jumatano na Alhamisi yote tulipita vichochoro vya Nyakabanda, kati ya vibanda vya mafundi viatu na maduka yaliyofungua nusu mlango. Kabla ya mlango wa kwanza alinisimamisha.

"Sikiliza sheria. Hauingii ndani hata wakikuambia karibu. Hauulizi baba iko wapi. Hauhesabu watu. Hauulizi hii nyumba ni ya nani. Unauliza tu, iko mtoto wa kusoma hapa? Wakisema hapana, unasema asante, unaenda."

"Na nikiwaomba msamaha?"

"Hapana. Hiyo ndiyo ya kwanza nilitaka kukataza. Ukiomba msamaha pale mlangoni, watakuonea huruma. Watakuambia si kitu, madamu, pole, madamu. Wao watakufariji wewe. Hawana nguvu hiyo. Beba yako, tembea."

Wanangu, hilo nimewahi kulirudia kwenye semina nyingi kama vile ni langu. Ni la Yudita. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana ya kuomba msamaha, na nilitamani kuyasema ili nipumue. Alininyima pumzi hiyo na alikuwa sahihi.

Milango mingine ilisema ndiyo, mingine hapana, mingine haikufunguka ingawa tulisikia sufuria ndani. Alhamisi jioni tulifika nyumba ya msichana wa gauni la kijani. Bibi yake alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Gauni lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa.

"Mukecuru, muraho neza," Yudita akamsalimu. "Iko mtoto wa kusoma hapa?"

Bibi aliinua macho. Alinitazama mimi. "Ni huyu aliyewasimamisha?"

"Ni mimi, bibi," nikasema.

"Ulitaka kujua nini?"

"Nilitaka kujua lugha. Nani anajua Kifaransa, nani Kiswahili."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Ungeuliza lugha."

 Hakuwa amekasirika, alinieleza tu, kama unavyomweleza mtoto kwamba mlango unafunguka kwa kusukuma.  Yudita alinibana mkono, akasema asante, tukaondoka.

Ijumaa nilifika mapema pamoja na Evaristi. Watoto walikuja. Si wote, nadhani nusu ya wale niliowapoteza, huenda pungufu kidogo. Chumba kilikuwa na mapengo yanayoonekana. Msichana hakuwemo. Lakini nje, kwenye jiwe chini ya dirisha, bibi yake alikuwa ameketi na fimbo yake, shali imefunika kichwa. Yudita alimkaribisha ndani, akakataa. Alitaka kusikiliza.

Bwana mkubwa alikuja na gari la ofisi, amechelewa, ana haraka, na shule nyingine bado zinamngoja. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa mkono kwa heshima, akaniita "mama," akaniambia wanawake kama mimi ndio nchi inawahitaji, na kila sifa aliyonipa mbele ya Yudita ilikuwa kama kofi. Tulipoingia darasani watoto walianza kuinuka kumsalimu.

"Vizuri, vizuri," akasema. "Bakini hivyohivyo mmesimama, tuwahesabu. Waliotoka nje wasogee upande huu, na waliokuwa—"

"Ketini," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watoto waliketi. Bwana mkubwa akanigeukia.

"Mama, nilikuwa nawahesabu."

"Hapa wanahesabiwa wakiwa wameketi, bwana."

"Kwa nini?"

Nikatazama watoto, nao walikuwa wananitazama. Nisingeweza kueleza mbele yao. Na mkuu wangu alikuwa amesimama na kidole hewani, Evaristi ameinamisha uso, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu adabu ya kazi. 

"Ndivyo tunavyofanya wilaya hii," nikasema. "Mkiwasimamisha, mimi natoka, na mtatafuta mkaguzi mwingine."

Lilikuwa tishio la kijinga. Mkaguzi mwingine angepatikana hata kwenye ngazi za kanisa. Lakini Yudita, bila kusema neno, alianza kupita kati ya madawati akigusa kila kichwa kwa mkono na kuhesabu kwa sauti, polepole, kama mama anayegawa chakula. Bwana mkubwa alishusha kidole. Akamfuata, akihesabu naye.

Hesabu haikutosha. Nawaambia hivyo ili msidhani ujasiri hulipwa palepale. Alisema jengo zima kwa watoto wachache vile haliwezekani, msimu wa mvua umeanza, kuna wachanga nje. Nilijua anasema kweli. Nikamwomba vyumba viwili vibaki shule, watoto waje kwa zamu, asubuhi na mchana, familia zichukue vyumba vingine mpaka zipate makazi. Alifikiri, akakubali. Kwa hiyo muhula ule wote tulifundisha hesabu huku harufu ya uji wa wachanga ikiingia dirishani, na yule mama wa Bujumbura alipika nje ya ukuta wa darasa la kwanza, mtoto wake akajifunza herufi kabla ya umri kwa kuchungulia.

Wiki ile nilimwambia Yudita achukue kiti changu. Nilimwambia kwa dhati, nitaandika barua mimi mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Nikiwa enspekta, kila chumba nitaingia, watoto watasimama. Sitaki kuona tena."

Nililifikiria neno hilo njia nzima. Basi nikapitisha agizo shule zangu zote: mgeni akiingia, awe nani, watoto wanasalimu wakiwa wameketi. Wakaguzi wenzangu walinicheka vikaoni. "Watoto wa Modesta hawana adabu," walisema, "wanampokea waziri kama wanamngoja awaletee soda." Walimu wengine walinipinga, nao walikuwa na sababu zao; kwao kusimama ilikuwa heshima tu. Sikuwahi kueleza vikaoni. Niliona haya kusema agizo lilitoka wapi. Labda ningeeleza, lingedumu. Nilipostaafu liliondoka pamoja nami, na siku hizi mkiingia darasani wanasimama. Siwaambii mfanye nini. Nawaambia tu muulize kwanza, katika shule mnayoikuta, kusimama kuliwahi kuwa na maana gani.

Nirudi kwenye Ijumaa, maana sijamaliza. Gari la bwana mkubwa lilipoondoka, bibi alikuwa bado kwenye jiwe. Niliinama kumsalimu. Sikuomba msamaha; nilikumbuka katazo. Alisimama kwa fimbo, akajikung'uta vumbi.

"Jumatatu atakuja," akasema. "Wewe usimwulize jina. Usimwulize kitu. Ukija, mwache asome kama vile hujamwona."

"Ndiyo, bibi."

"Nisije nikasikia umemwuliza."

"Hutasikia."

Jumatatu nilipita Nyakabanda. Alikuwepo, gauni la kijani, dawati la tatu karibu na dirisha. Alipoona ni mimi, kalamu yake ilisimama. Nikakagua ubao, nikakagua choo, nikaongea na Yudita kuhusu chaki, nikatoka. Nilifanya hivyo kila nilipokwenda pale, mpaka alipomaliza la sita akaenda zake sekondari. Nilikuwa na majina ya watoto wote wa wilaya kwenye makabati yangu, na lake lingekuwa humo, lakini sikulitafuta. Mpaka leo silijui. Yudita analijua. Simwulizi.

Jioni ya Jumatatu ile aliporudi darasani, nilifika Kabeza nimelowa. Gervasi alikuwa amepata mkungu wa ndizi kwa jirani, mama mkwe akazipika pamoja na maharage na dodo kidogo, yaani mchicha, chumvi ikiwa haba. Tulikula sote kwenye sinia moja, wao kwa mkono, na mimi mkaguzi walinipa kijiko.